Kovu la Pili

Mwanamke mwenzangu, kama una kovu la upasuaji tumboni na mimba nyingine imeingia, soma haya kabla hujapokea kikombe cha mtu yeyote. Mimi nilipokea. Niko hai na mtoto wangu yuko hai, ndiyo maana naandika huku nacheka, lakini ilibaki kidogo sana watu waje kwetu na kuni na unga kwa ajili ya msiba.

Naitwa Jovitha. Nilizaliwa Nyamiaga kule Ngara, nikaolewa Nyabusozi upande wa Biharamulo, kwa Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao kutoka Shinyanga kabla mume wangu Nyanda hajazaliwa. Mama yake ninamwita mayu, ndiyo mama kwa lugha yao. Jina lake sitaliandika. Mke hatamki jina la mama mkwe wake, na hata kwa kalamu naona vibaya.

Mtoto wetu wa kwanza, Joyness, alitolewa kwa kisu. Nilikaa na uchungu siku mbili nyumbani nikisubiri njia ifunguke yenyewe, mpaka nikapelekwa hospitali sijitambui. Joyness alipofikisha mwaka mmoja na nusu nikashika mimba nyingine. Kliniki nilimkuta nesi Diana, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mwalimu wa zamu. Alisoma kadi yangu, akanipima, akavua miwani.

"Jovitha, safari hii hatusubiri uchungu. Nyonga yako ni nyembamba na kovu lako bado changa, tumbo likianza kusukuma linaweza kuachia. Daktari atakupangia siku. Unakuja siku moja kabla, unalazwa, kesho yake asubuhi unapasuliwa ukiwa mzima, unacheka."

"Na uchungu ukija kabla ya hiyo siku?"

"Unakuja mbio. Usisubiri hata maharage yaive."

Nilirudi nyumbani nikawaambia. Nyanda alikubali palepale, maana mwaka ule wa Joyness alinibeba yeye mwenyewe mpaka kwenye gari, na alichokiona hajasahau. Mayu ndiye aliyetua chini jembe alilokuwa anakaza mpini.

"Siku ya kuzaa inapangwa? Kama kikao cha kijiji?"

"Ndiyo mayu. Ijumaa ya mwisho ya mwezi."

"Mimi nimezaa tisa. Wa sita nilimzaa nikitoka kisimani, na ndoo sikumwaga. Nyie Wahangaza wa Ngara mmekuzwa kwa ndizi, ndiyo maana mifupa laini."

Nyanda akacheka. Mimi pia nilicheka, kwa sababu mayu ana ulimi mkali lakini mkono wake haujawahi kuninyima kitu. Ndiye aliyenifundisha kusonga ugali wa watu kumi na tano. Joyness alipougua degedege ndiye aliyekimbia naye mgongoni mpaka zahanati, miguu peku. Nasema hivi mjue kwamba aliyenipa kile kikombe hakuwa adui yangu. Adui ningemjua, nisingekunywa.

Basi tukaanza kujiandaa. Nilikunywa vidonge vya damu kila siku hata vilipofanya choo kuwa cheusi, nikala matembele na dagaa mpaka nikavichukia. Nilinunua mpira wa kulalia, pamba, beseni, na kanga tatu ambazo nilizifua zikalainika. Nguo za mtoto nilizipiga pasi ya mkaa, nikazifunga kwenye mfuko safi. Nesi alisema nisije na rangi ya kucha wala nywele za kusuka, nikafumua. Alisema pia ndugu waje kuchangia damu, na Nyanda, ambaye anachinja fahali bila kupepesa, alifumba macho sindano ilipomkaribia, akaomba ashikwe mkono. Nesi Diana alimshika.

"Pole baba. Na huyu mwenzako akatwe tumbo aseme nini?"

Mayu aliyatazama maandalizi yale kwa macho ya mtu anayetazama sanda. Usiku na mchana alikuwa anamtaja mwanamke mmoja wa Bisibo, aliyepasuliwa mara ya kwanza akarudi, akapasuliwa mara ya pili hakurudi. "Kisu kikizoea mwili hakishibi," alikuwa anasema, na mimi nilikuwa najifanya sisikii. Lakini nilisikia. Nilikuwa nalala nikimwona huyo mwanamke wa Bisibo bila sura.

Alhamisi ikafika. Saa kumi na mbili asubuhi pikipiki mbili zilikuwa zinasubiri uani, Nyanda anafunga beseni nyuma ya moja. Mayu akaniita jikoni. Alikuwa amepika uji wa ulezi, akanipa kikombe kikubwa kimejaa. Nilionja. Sukari ilikuwa nyingi kupita kawaida, na chini ya sukari kulikuwa na uchungu wa mizizi.

"Mayu, kuna nini humu?"

Akafunga mlango wa jikoni kwa mguu.

"Kunywa, mwanangu. Hii ndiyo niliyonywa mimi kwa wale tisa. Njia italainika. Ukifika hospitali utajifungua kabla hawajanoa kisu, watabaki wanashangaa. Sitaki wakukate tena. Sitaki kumlea Joyness peke yangu."

Machozi yalikuwa yanamtoka. Sijawahi kumwona mayu akilia, hata alipozikwa baba mkwe.

Mngefanya nini? Kwetu sisi tulioolewa, mama mkwe akikupa kikombe kwa mikono miwili huwezi kukirudisha kimejaa. Ni kama umemwambia yeye mchawi. Lakini nisiisingizie heshima peke yake. Nilikunywa pia kwa sababu niliogopa kisu. Moyoni nilisema, labda. Nikamaliza mpaka chini.

Hospitali walitupokea vizuri. Nililazwa wodi ya wazazi, kitanda cha karibu na dirisha, mayu akakaa kwenye kigoda pembeni yangu kama ndugu wa kunihudumia. Nesi Diana alikuja na karatasi zake. Nilisaini, Nyanda akasaini. Akasikiliza mapigo ya mtoto, akasema yanakimbia vizuri. Halafu akauliza maswali moja baada ya jingine, kalamu mkononi.

"Kuna dawa yoyote mwili wako unaikataa?"

"Hapana."

"Umewahi kuongezewa damu?"

"Kwa Joyness, chupa mbili."

"Umekunywa dawa yoyote ya kienyeji?"

Mayu alikuwa ameketi hatua moja kutoka kwangu. Alikuwa anakunja kanga ya mtoto, anaikunja na kuikunjua.

"Hapana," nikasema.

Nesi akaandika hapana, akaenda kitanda kingine. Niliwasikia wenzangu wote mle wodini wakijibu vilevile, hapana, hapana, kila mmoja na mama mkwe au shangazi yake pembeni. Sijui ni hapana ngapi zilikuwa za kweli. Yangu ilikuwa ya uongo, na niliiona ikiwekwa kwenye faili langu kwa wino wa bluu.

Mchana nilikula wali. Nesi alisema nile sasa, maana kuanzia saa sita ya usiku sitagusa kitu. Saa tisa alasiri kiuno kikaanza kukaza. Nilidhani ni uchovu wa pikipiki. Kikaachia. Kikakaza tena, safari hii kikazunguka mpaka mbele. Nikamtazama mayu, naye alikuwa ananitazama, uso umechangamka.

"Imeanza?"

"Imeanza, mayu."

Akasogeza kigoda. "Si nilikwambia! Tulia sasa. Usiite mtu. Hawa ukiwaita wanakimbilia kisu. Uma kanga, likipanda wimbi lingine uma kanga. Jua likizama utakuwa umemshika mtoto wako."

Nikauma kanga. Wimbi la tatu, la nne. Ninayajua maumivu ya uchungu, niliyaonja siku mbili nzima kwa Joyness: yanapanda, yanashuka, ukiwa chini unapumua. Lakini sasa, hata yaliposhuka, palibaki kitu. Palepale kwenye kovu, kama mtu ameweka kaa la moto na hataki kuliondoa. Nikapagusa kwa kidole nikashtuka. Na mtoto, ambaye asubuhi nzima alikuwa anapiga mateke kama ndama, alikuwa amenyamaza.

"Mayu, panauma kwenye kovu."

"Ndiyo njia inafunguka."

"Njia haiko huko juu, mayu."

"Unanifundisha kuzaa mimi?"

Nikauma kanga tena. Kanga ilikuwa imelowa mate. Nikaangalia mlangoni, nesi Diana alikuwa anapita na sinia ya sindano, hatua kumi tu kutoka kwangu. Nikiita, ni lazima niseme. Nikisema, nimemvua mayu nguo mbele ya wodi nzima, mwanamke aliyembeba mwanangu miguu peku. Nikinyamaza, huenda akawa sahihi. Kaa lile likachoma tena. Nikamkumbuka Joyness alivyokuwa amesimama uani asubuhi ile na kipande cha kiazi mkononi, hajui hata nilikokwenda.

Nikatema kanga.

"Nesiii!"

Sijawahi kupiga kelele namna ile maishani. Sinia ilianguka. Wanawake wakainuka vitandani. Diana alifika akiwa anakimbia, mkono wake moja kwa moja tumboni kwangu.

"Uchungu umeanza lini?"

"Saa tisa. Panauma kwenye kovu, hapaachii. Nesi, nilikudanganya. Nilikunywa dawa ya mizizi asubuhi, kwenye uji. Mayu alinipa, na mimi nilijua, nikanywa."

Mayu akasimama taratibu, mkono kifuani.

"Jovitha. Unaniaibisha mbele za watu?"

"Nisamehe, mayu. Sitaki kufa."

Nilifikiri nesi Diana atamrukia. Wengi tunawaficha manesi kwa sababu ya hilo, tunaogopa wazee wetu watatukanwa. Lakini Diana alikunja magoti kidogo, huku anasukuma kitanda changu kwa mkono mmoja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," mayu akajibu kwa mazoea tu.

"Sikukamati, mama, wala sikutukani. Nataka kujua kilichomo tumboni mwake. Unayo nyingine?"

Mayu akafungua fundo la kanga yake kiunoni. Akatoa vipande vitatu vya mzizi vilivyofungwa kwenye kitambaa, vipya, havijaguswa.

"Hivi vilikuwa vya jioni," akasema. "Kwenye chai."

Nesi alivichukua, akaanza kukimbia na kitanda changu.

Sikupasuliwa Ijumaa asubuhi nikiwa nacheka. Nilipasuliwa Alhamisi saa kumi na nusu jioni nikiwa na wali tumboni, na mtu wa dawa ya ganzi alinuna sana kwa ajili ya ule wali, akaninywesha kitu cha chumvichumvi ili nisije nikatapika vikaingia kwenye mapafu. Waliniambia nijikunje kama paka aliyelala, wakanichoma sindano ya mgongo. Miguu ikawa mizito, halafu ikawa ya mtu mwingine. Chumba kilikuwa cha baridi, meno yanagongana. Wakaweka pazia la kijani kifuani. Diana akakaa upande wa kichwa changu.

"Utasikia kuvutwavutwa. Maumivu hapana. Nitazame mimi."

"Yuko hai?"

"Mapigo yako chini lakini yapo. Nitazame mimi, Jovitha."

Nikamtazama. Nilisikia kama mtu anatafuta kitu chini ya gunia. Halafu daktari akasema neno moja, "Jamani." Niliona macho ya Diana yakihama kwenda upande wa pili wa pazia na kurudi kwangu haraka. Nilihesabu pumzi zangu. Nilipofika kumi na moja mtoto akalia, sauti ya kukwaruza, ya hasira, sauti tamu kuliko kitu chochote nilichowahi kusikia tangu nizaliwe. Mwanaume. Wakamleta shavuni kwangu akiwa na damu, akanyamaza sikioni kwangu kama ananijua.

Baadaye daktari alitueleza sote watatu, mimi nimelala, Nyanda na mayu wamesimama. Alisema lile kovu la kwanza ndani lilikuwa limeshaanza kuachana. Palikuwa pamebaki utando mwembamba kama mfuko wa nailoni, na kupitia utando ule aliona nywele za mtoto kabla hajakata kitu.

"Mngekaa nusu saa nyingine ningekuta tumbo limejaa damu," akasema. "Aliyeita ndiye aliyeokoa."

Akaondoka. Nyanda alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akashika mguu wangu ambao nilikuwa bado siusikii. Mayu alitoka nje. Alirudi kwenye saa moja jioni amenawa uso, akainama, akaweka mkono wake mgumu wa jembe kwenye paji langu.

"Ile kelele," akasema.

"Nisamehe, mayu."

"Uliipiga vizuri."

Hayo tu. Lakini kutoka pale hakutoka kitandani kwangu.

Sasa niwaambie ya kupona, maana napo kuna mitego. Kesho yake waliniamsha nitembee. Nilisema siwezi, utumbo utaanguka sakafuni. Diana akanifundisha kugeuka kwanza ubavu, kusukuma kwa kiwiko, na kushika mto juu ya kidonda ninapokohoa au kucheka. Hatua ya kwanza niliona nyota. Ya tano nilimtukana mtu ambaye hakuwepo. Ya kumi nilifika dirishani.

Lakini chakula hakikuruhusiwa, uji mwepesi tu, mpaka nitoe hewa. Ndiyo sheria yao wengi wao, wanataka kusikia tumbo limeamka. Daktari alipita asubuhi na wanafunzi wawili.

"Mama Joyness, umeshajamba?"

Mbele ya mama mkwe! Kwetu Nyamiaga mwanamke anaweza kuhama kijiji kwa swali kama hilo. Nikavuta shuka usoni.

"Bado, dokta."

"Tembea zaidi."

Nilitembea wodi ile kwenda na kurudi kama askari wa zamu, mayu nyuma yangu amembeba mtoto. Kila nikipita, wenzangu wananiuliza, "Bado?" Nawajibu, "Bado." Saa nane mchana, nikiwa katikati ya wodi, ikatoka yenyewe, ndefu, haikuomba ruhusa. Mayu akasimama. Halafu mwanamke yule wa heshima zote, mwenye watoto tisa, akarusha kigelegele ambacho kilifika mpaka geti la hospitali. Wodi nzima ikamfuata. Nilicheka mpaka nikashika mto kwa mikono miwili, machozi yananitoka kwa maumivu na kwa furaha. Jioni nilikula ndizi na supu, na mayu hakuzisema vibaya ndizi.

Tuliruhusiwa siku ya nne. Masharti yalikuwa mepesi kuyasikia, magumu kuyashika kwenye mji wetu: nisibebe ndoo wala kuni, nisimbebe hata Joyness, kidonda kibaki kikavu, nirudi siku ya nane kukatwa nyuzi. Nikipata homa, au kidonda kikitoa usaha au harufu, nirudi hiyohiyo siku. Na nikae miaka miwili, mitatu, kabla ya mimba nyingine, ambayo nayo itakuwa ya kisu. Nyanda aliyasikiliza kama anasomewa shitaka, akasema, "Ndiyo dokta," mara tano.

Siku ya pili nyumbani alikuja Kanyange, jirani yetu, mtu mwema, mkunga wa zamani. Amebeba sufuria ya maji yanayotoa moshi na taulo begani. Mnajua alichokuja kufanya. Sisi mzazi hukandwa: maji ya moto na taulo, tumbo linabonyezwa mpaka damu mbaya itoke, halafu linafungwa kanga kwa nguvu. Nilikuwa chumbani nanyonyesha ubavuni. Nikasikia sauti ya mayu mlangoni.

"Rudi na hayo maji."

"Mama wee, mzazi asikandwe? Atabaki na tumbo kama pipa!"

"Abaki nalo. Humo ndani mna nyuzi. Ukipabonyeza kwa maji yako utanifungulia mtoto wa watu kama gunia la mpunga."

"Leo umekuwa nesi?"

"Nimekuwa mjinga wiki iliyopita, imenitosha."

"Kwa hiyo mimi mchawi?"

"Sikusema mchawi. Nimesema rudi na maji. Au yaoge mwenyewe, naona yanakufaa."

Kanyange akapandisha sauti, mayu naye akapandisha. Majirani wakaanza kusogea, wengine wamekuja kumwona mtoto, wengine wamekuja kuona ugomvi. Nilisikia mtu akinong'ona kwamba mimi siwezi hata kuinuka, ndiyo maana nafichwa. Kwamba waliokatwa mara mbili ndivyo walivyo.

Nikageuka ubavu. Nikasukuma kwa kiwiko. Nikaweka miguu chini, nikasubiri kizunguzungu kipite, nikamchukua mwanangu kifuani. Kutoka kitandani mpaka mlangoni ni hatua tisa. Nilizitembea zote bila kushika ukuta, nimenyooka, nikatokea juani katikati ya mayu na Kanyange, na sufuria ikiwa bado inatoa moshi.

"Shikamoo mama Kanyange," nikasema. "Maji hayo tutamwogeshea mtoto yakipoa. Karibu umpokee."

Akanitazama kuanzia miguu mpaka kichwa. Akatua sufuria chini. Akafuta mikono kwenye taulo lake, akanyoosha yote miwili.

"Kumbe anasimama," akasema, kama anajiambia mwenyewe.

"Anasimama," mayu akajibu.

Nikamwekea mtoto mikononi.